Kipande cha Bolti Juu ya Kaunta

Mama Nati alikuwa mwoga, na mtaa mzima wa magereji ulijua. Aliogopa mbwa, hata wale waliolala. Aliogopa ngazi, umeme, sindano, na lifti ya jengo la benki, ambayo aliipanda mara moja tu maishani mwake, akashuka kwa miguu ghorofa sita. Mafundi walimtania wapendavyo, naye akawajibu kwa methali yake ileile, kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, basi mwacheni acheke. Lakini kulikuwa na woga mmoja ambao hakumwambia mtu, na huo ndio uliotaka kuua watu.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja, upana wake mlango na nusu, kati ya duka la gasketi za kuziba injini na gereji ya Fundi Kimya. Kuta tatu zilijaa droo za bati, mia mbili na kumi, alizozitengeneza marehemu mumewe kwa mikono yake. Kila droo ilikuwa na bolti zake: nene na nyembamba, ndefu na fupi, za nyuzi pana na za nyuzi zilizobanana. Kwa miaka ishirini na mitatu Mama Nati alisimama nyuma ya kaunta ile, na sifa yake ilikuwa moja: hakosei. Fundi akileta bolti kuukuu, yeye huilaza juu ya mpya, nyuzi kwa nyuzi, kisha huziinua zote mbili kwenye mwanga wa mlango. Mwanga ukipenya katikati yake, si ndugu. Usipopenya, ni pacha, chukua uende zako.

Kwa injini za aluminiamu, mafundi hawakuwa na pengine pa kwenda. Injini ya chuma cha zamani ilisamehe mengi. Aluminiamu ni laini, haisamehi. Ukiitia bolti ya nyuzi zisizolingana, itaingia mizunguko miwili mitatu kisha itatafuna kuta za tundu. Ukiitia ndefu mno, ncha itagonga chini na tundu litapasuka. Na ukiitia fupi, hapo ndipo penye hila, kwa sababu itakazika vizuri tu, utafuta mikono na kujisifu, na siku injini itakapotikisika sana itang'oka pamoja na nyama ya aluminiamu. Mumewe alikuwa akisema bolti fupi ndani ya aluminiamu ni jino la mtoto wa miaka sita: limesimama, lakini usilitafunie mfupa.

Sasa basi, ulikuwa mwaka wa pili tangu mwanga wa mlango uanze kumhini Mama Nati. Mwanzoni aliona kama moshi pembeni mwa jicho moja. Baadaye moshi ukahamia katikati, ukaita mwenzake kwenye jicho la pili, na bolti mbili zilizoinuliwa zikawa kivuli kimoja chenye ukungu. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Mama yake mzazi alikufa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Dawa yake pia aliijua, nayo ilikuwa kisu. Kisu ndani ya jicho, tena mwenyewe uko macho, unamsikiliza daktari akiomba mkasi! Kila wazo hilo lilipomjia, alitafuta kiti.

Mdogo wake wa kike, ambaye figo zake zilikuwa zimechoka na ambaye alisafiri mara mbili kwa wiki hadi hospitali kubwa ya ng'ambo ya mlima kusafishwa damu kwa mashine, aliwahi kumsimulia juu ya chumba cha macho kilichokuwa kwenye ukumbi uleule. "Watu wanaingia wameshikwa mkono, dada, siku ya pili wanasoma gazeti."

"Mungu awazidishie," alijibu Mama Nati, akauliza kama nguo zimeanuliwa.

Na nyuma ya woga wa kisu kulikuwa na mwingine. Nani atanunua bolti kwa kipofu? Kwa hiyo alijifunza vidole. Marehemu alimwachia kibao cha chuma chenye matundu ya kila kipimo, yamepangwa kuanzia dogo hadi kubwa. Bolti inayoteleza ndani ya tundu la tano bila kugoma ni ya kipimo cha tano, hilo halitaki macho. Namba ya ugumu iliyochongwa kichwani aliisoma kwa ukucha. Kuhusu urefu, aliisimamisha bolti kuukuu na mpya ubavu kwa ubavu, vichwa chini, akapitisha kidole gumba juu ya ncha zake. Kidole kisipojikwaa, urefu ni mmoja. Mwaka mzima na nusu hakukosea hata mara moja, hata akaanza kuamini kwamba macho ni anasa.

Ikaja Jumanne.

Fundi Kimya hakupewa jina lile kwa kuonewa. Alikuwa mtu wa kusalimia kwa kidevu. Asubuhi hiyo alikuwa na gari la dereva aitwaye Taratibu, gari la viti saba ambalo Jumanne na Ijumaa lilipeleka wagonjwa wa figo hospitali, na mdogo wake Mama Nati alikuwa mmoja wao. Mkono wa chuma unaoishika injini isidondoke ulikuwa umelegea. Kati ya bolti zake tatu, mbili zilikuwa zimeanguka barabarani na kupotea, na ya tatu ilikatika, ncha ikabaki ndani ya aluminiamu. Fundi Kimya alikuwa ameitoboa ile ncha na kuitoa vipande vipande. Sehemu iliyobaki, yenye kichwa, aliileta dukani na kuiweka juu ya kaunta.

"Tatu," alisema. "Za aluminiamu."

Mtu mwingine angeongeza neno. Yeye hakuona sababu. Kipande kilikuwa kimekatika waziwazi, pale kilipokatika palining'inia grisi na kung'aa kijivu, na kipofu tu ndiye asingeona.

Mama Nati alikipitisha kwenye kibao. Tundu la saba. Akapapasa namba kichwani, akaenda kwenye droo, akarudi, akasimamisha kipande karibu na bolti mpya, kidole gumba juu. Kidole kilihisi ukwaru fulani pale nchani. Uchafu, alijiambia, akakifuta kwa aproni na kujaribu tena. Urefu ulikuwa mmoja. Akahesabu tatu, akazifunga kwenye gazeti kama alivyomfungia kila mtu, na Fundi Kimya akaenda zake akikiacha kipande pale kaunta. Saa nne gari lilipita mbele ya duka na honi ikalia mara mbili, ndiyo salamu ya mdogo wake. Mama Nati alipunga mkono kuelekea kwenye sauti.

Saa nne na nusu aliingia jirani wa gasketi, mzee mmoja mwembamba ambaye kila siku alikuja kuazima kalamu na kila siku aliondoka bila kuirudisha. Wote walimwita Gasketi. Alijiegemeza kwenye kaunta, mikono yake isiyotulia ikaokota kipande cha bolti.

"Mama Nati, siku hizi unafuga maiti?"

"Maiti gani tena?"

"Si hii hapa. Imevunjika kiuno."

Mama Nati alikuwa akifagia. Ufagio ulisimama. "Imevunjika wapi?"

"Unaniuliza mimi, na macho unayo? Hapa, katikati. Ncha yote haipo."

Alinyoosha mkono, na Gasketi akamwekea kipande kiganjani. Akapitisha ukucha pale nchani, polepole. Haukuwa uchafu. Zilikuwa chembe kali za chuma kilichokatika. Asubuhi ile kidole chake kilikuwa kimemwambia ukweli, na yeye akaufuta kwa aproni.

Alijua hesabu yake bila kutaka kuijua. Bolti alizotoa zilikuwa za sentimita nne. Ule mkono wa injini unameza tatu. Iliyobaki kushika aluminiamu ni sentimita moja, na inayotakiwa ni mbili na zaidi. Gari lilikuwa na nusu saa barabarani. Baada ya nusu saa nyingine lingefika kileleni, kisha mteremko wenye kona saba ambao mdogo wake alizoea kuusimulia akicheka, jinsi wagonjwa wote wanavyonyamaza hapo na kushikana mikono. Injini ikidondoka upande mmoja kwenye kona ya tatu au ya nne, itaangukia vyuma vinavyozungusha magurudumu. Mama Nati alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

Na hapa tuseme kweli, kwa sababu mwenyewe hakuificha baadaye: kwa dakika nzima aliwaza kunyamaza. Labda zitashika. Zikishika leo, kesho atamwambia Fundi Kimya azibadilishe, atatunga sababu, atasema kiwanda kilileta mbaya. Hakuna atakayejua. Aliisikia sauti ya Gasketi ikiuliza kama anaumwa, akaiona dakika ikipita, na aliogopa kusema kuliko alivyowahi kuogopa mbwa, ngazi na kisu vikiwekwa pamoja. Kisha akakumbuka honi mbili.

Simu yake ilikuwa ya vitufe. Kitufe cha pili, ukikibonyeza kwa muda, kilimpata mdogo wake.

"Dada! Mbona mapema hivi? Tuko kwenye kupanda."

"Mwambie dereva asimame."

"Kwa nini?"

"Asimame tu, mdogo wangu. Niweke kwenye spika."

Sauti ya Taratibu ilikuja pamoja na mngurumo wa gari, ya heshima kama kawaida yake. "Shikamoo, Mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Simama, mwanangu, hapo ulipo. Bolti za injini ni mbaya."

"Fundi amekupigia?"

"Hapana."

"Mama, nikisimama hapa tutakosa zamu ya mashine. Wakiikosa leo ni mpaka Ijumaa. Mdogo wako miguu imeshavimba, na kuna babu hapa nyuma anahema kwa shida. Nani kasema bolti ni mbaya?"

"Mimi."

"Si wewe ndiye uliyezichagua?" Alicheka kidogo, kicheko cha kumtuliza mtu mzima. Mngurumo haukupungua. "Mama, bolti ikitoka mkononi mwako, mimi hata siiulizi. Tulia, tukifika tutakupigia."

"Taratibu, usikate!" Alisikia sauti yake mwenyewe ikipasuka. "Sioni. Unanisikia? Mimi sioni. Mwaka wa pili huu sioni bolti, sioni sura za watu, napapasa tu. Fundi aliniletea bolti iliyokatika nami sikuona kuwa imekatika. Nimekupimia mpya kwa kipande. Ni fupi, zote tatu ni fupi, na umempakia mdogo wangu!"

Mama Nati alisubiri, simu ameigandamiza sikioni. Halafu alisikia tik, tik, tik ya taa ya kuashiria, mngurumo ukashuka, na mawe yakalia chini ya matairi.

"Tumesimama, dada," alisema mdogo wake.

Fundi Kimya alipoelezwa aliweka spana chini. "Niliona zimeingia upesi," alisema. "Zilizunguka mara chache zikakaza. Nikajiambia, Mama Nati hakosei, mimi ndiye sijahesabu vizuri." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu mwezi uanze, na kila moja lilimchoma Mama Nati kivyake.

Hakuna aliyejua kina cha matundu yale, kwa hiyo ilibidi kubeba urefu wa aina tatu. Mama Nati alisema droo na Gasketi akasoma: safu ya tano, ya tatu kutoka kushoto, sentimita tano. Inayofuata, tano na nusu. Inayofuata, sita. Gasketi alisoma kila kichwa kwa sauti, mara mbili mbili, kama karani wa mahakama. Kisha Fundi Kimya akawasha pikipiki, na Mama Nati, ambaye aliapa mbele ya mashahidi kwamba atakufa kabla ya kupanda pikipiki, akapanda. Alimkumbatia fundi kiunoni, mfuko wa bolti katikati yao, akafumba macho, ingawa kwa hali aliyokuwa nayo tofauti haikuwa kubwa. Njia nzima alikuwa akiomba kwa sauti.

Waliwakuta kwenye kupanda, mbali kidogo na kilele. Wagonjwa wanne walikuwa wameketi kwenye kivuli cha gari, na babu wa kuhema alikuwa amefunguliwa vifungo vya shati. Fundi Kimya aliiegemeza injini kwa jeki na kipande cha ubao, akaingia chini. Bolti ya kwanza ilitoka kwa shida. Ya pili pia. Kwa ya tatu hakuhitaji spana: aliishika kwa vidole, ikaja. Alitoka chini akaiweka kiganjani mwa Mama Nati.

Nyuzi za bolti hazikupapasika. Zilikuwa zimefunikwa na uzi mwembamba wa aluminiamu, umejiviringisha kama springi ya kalamu. Ilikuwa nyama ya injini. Tundu lilikuwa limeanza kuitema.

"Ingefika kona ya ngapi?" aliuliza Taratibu.

Fundi Kimya alitikisa kichwa. Dereva akaenda upande wa pili wa gari akakaa huko peke yake kidogo.

"Tundu limekufa?" aliuliza Mama Nati.

"Juu tu. Ndani ni zima. Ndefu itafika penye nyuzi nzima."

Alizungushia kitambaa kwenye waya, akafuta mafuta na vumbi la aluminiamu ndani ya matundu, maana mafuta yakibaki chini, bolti ikiyashindilia yanaweza kupasua tundu. Kisha akatumbukiza waya mkavu kupitia mkono wa injini hadi ukagonga mwisho, akaubana kwa ukucha pale ulipoishia, akamletea Mama Nati. Angeweza kupima mwenyewe. Mama Nati alilijua hilo, akashika waya. Akalaza bolti ya sentimita sita ubavuni mwake: ingegonga chini. Ya tano iliacha nafasi kubwa. Ya tano na nusu iliacha nafasi ya unene wa ukucha. Akarudia. Akarudia tena, vidole vimelowa jasho.

"Hizi," alisema. Kisha akageuka upande aliposikia pumzi ya mdogo wake. "Njoo unisomee namba kichwani. Zote tatu. Usiruke hata moja."

Mdogo wake alikuja akijikokota kwa miguu yake iliyovimba, akasoma. Namba zililingana. Fundi Kimya aliziingiza kwa vidole kwanza, polepole, akihesabu mizunguko kwa sauti, halafu akachukua spana ya kupimia nguvu. Ililia tak. Ikalia tak mara ya pili. Kabla ya ya tatu Mama Nati aliacha kupumua.

Tak.

Hospitali waliwapokea mwisho wa foleni, wakiwa wamenuna, lakini waliwapokea.

Jumatano Mama Nati alifungua duka saa moja kama siku zote, akakaa. Habari ya mtaa wa magereji haihitaji redio. Saa mbili ikapita hakuna mtu. Alisikia hatua zikija, zikapita. Saa tatu ilipogonga alikuwa ameshawaza nani atazinunua droo za marehemu, na kama atayaona hayo yakifanyika au ataambiwa tu.

Mlango ukaingia giza. Kitu kikawekwa kaunta.

"Bolti ya kifuniko cha injini," ilisema sauti ya Fundi Kimya. Alikohoa. "Ni nzima. Haijakatika. Kichwa kimelika upande mmoja. Nyuzi za mwisho tatu zimelala, ila urefu ni wenyewe." Akakohoa tena, amechoka. "Nataka nne."

Nyuma yake alikuwapo mwingine, wa kurekebisha breki. "Mimi ninayo nati, Mama. Ya pembe sita. Ina kutu, usishtuke." Mafundi wawili walihamia duka la mbali na hawakurudi, naye hakuwalaumu. Waliobaki, kuanzia siku ile, hawakuweka kitu juu ya kaunta ile bila kukisema. Na Gasketi, aliyekuwa akisoma kila kichwa cha bolti kabla hakijatoka mlangoni, alijiona meneja hata akasahau kuazima kalamu.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mdogo wake alimwambia jioni hiyo wakikaanga viazi. "Lakini wewe kidogo utuumbue wote." Kisha akalia, na Mama Nati naye akalia, na viazi vikaungua.

Ijumaa saa nne gari la Taratibu lilisimama mbele ya duka, na safari hii halikupiga honi. Mama Nati alifunga mlango, akapapasa kufuli mara tatu, akapandishwa kiti cha mbele, pale injini inaposikika chini ya miguu. Mdogo wake, aliyekuwa amemwandikisha chumba cha macho, aliketi nyuma yake na kumwekea mkono begani. Walipanda. Walipofika kileleni wagonjwa wote walishikana mikono, na gari likainamisha pua kuelekea kona ya kwanza.

Taratibu alimtupia jicho. Uso wa Mama Nati ulikuwa wa majivu na mikono imeng'ang'ania mkoba. "Mama, unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Bolti?"

"Bolti siziogopi," alisema Mama Nati. "Endesha, mwanangu, kabla sijateremka."